Madini adimu kwenye shale zinazozaa mafuta: maswali yenu

Madini adimu na mafuta vinahusiana vipi?

Hayazai mafuta. Mafuta hutokana na mabaki ya viumbe, hasa mwani, yaliyofukiwa kwenye tope, ambalo likigandamizwa huwa mwamba wa shale. Ila elementi hizi, kuanzia lanthanamu hadi lutetiamu, haziyeyuki kirahisi majini. Husafiri na chembe za udongo, hivyo huonyesha tope lilikotoka. Chukua shale ya Lokhone kule Turkana, iliyotuama ziwani mamilioni ya miaka iliyopita. Ilisombwa kutoka kwenye graniti au bazalti? Graniti kwa kawaida ina upungufu wa europiamu, bazalti haina.

Seriamu inajuaje kama maji yalikuwa na oksijeni?

Hapa ndipo penye utamu. Wenzake katika madini adimu kwa kawaida hubaki na chaji ya +3, lakini seriamu ikikutana na oksijeni hupoteza elektroni moja zaidi, hunata kwenye oksidi za manganizi na kuzama nazo. Maji ya bahari hubaki na pengo la seriamu, na chokaa au fosfati inayojengeka humo hulirithi. Oksijeni ikiisha, oksidi huyeyuka, seriamu hurudi majini na pengo hupungua. Mtafuta mafuta analijali hilo kwa sababu pasipo oksijeni mabaki ya mwani hayaozi upesi.

Lakini ukiyeyusha shale nzima, udongo ulioletwa na mito humeza ishara ya maji. Ripoti inayotangaza "hapakuwa na oksijeni" kwa seriamu ya mwamba mzima peke yake siikubali. Nionyeshe na molibdenamu na uraniamu, ambazo hujikusanya topeni pasipo oksijeni.

Europiamu yangu imepanda ajabu. Ni majimoto ya volkano?

Tazama bariamu kwanza. Ndani ya ICP-MS, mashine inayopima elementi kwa uzito wa atomi zake, bariamu ikishikana na oksijeni hupata uzito uleule wa europiamu, 151 na 153, na mashine huhesabu vyote pamoja. Tope la kuchorongea lenye baraiti (madini ya bariamu) likichafua sampuli, tatizo huwa kubwa zaidi. Waulize maabara kama wamesahihisha. Na kabla ya kuchora grafu, gawanya kila namba kwa PAAS, wastani wa shale za Australia. Usipofanya hivyo utapata meno ya msumeno, maana elementi za namba ya atomi iliyo shufwa ni nyingi kuliko jirani zake za witiri.

Madini adimu yanaonyesha kama mwamba umeiva, yaani umepata joto la kutosha kutoa mafuta?

Hapana. Hiyo ni kazi ya Rock-Eval, mashine inayopasha sampuli maabara. Tmax ni joto la mashine, si la ardhini, ambapo sampuli hutoa hidrokaboni kwa wingi zaidi; ikifika nyuzi 435 hivi za Selsiasi, mwamba umeanza kuiva kwa mafuta.

Tuchimbe basi shale kama Ngualla?

Shale ya kawaida ina gramu 200 hivi za elementi hizi kwa tani. Sehemu tajiri ya kabonatiti (mwamba wa magma wenye kabonati nyingi) ya Ngualla, mkoani Songwe, ina zaidi ya kilo 40 za oksidi zake kwa tani.