Maswali na majibu ya bahari: mikoko ya picha, pweza wa kufungiwa na nyama ya kasa

Maswali ni mengi na mengine nimekwisha kuyajibu, kwa hiyo leo sirudii mambo ya mwanzo. Anayesoma hapa anajua BMU, vile vikundi vya wenyeji vya kusimamia fukwe, anajua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu, yale madogo ya katikati, na anajua kwamba Kenya ilipiga marufuku juya, wavu wa kukokota, tangu 2001. Twende.

Shikamoo. Sisi ni klabu ya mazingira ya chuo kimoja Dar es Salaam. Siku ya Mazingira Duniani tunataka kupanda mikoko elfu kumi. Miche tutapata wapi?

Marahaba, mwanangu. Kabla ya miche niambie mtapanda wapi na nani wa hapo amekubali. Hujasema. Kila ikikaribia Juni 5 naletewa swali hili likiwa na idadi na tarehe, jina la kijiji halimo.

Najua siku yenyewe itakavyokuwa. Basi linafika, fulana zinagawiwa, maji yametoka, watu wanashuka kwenye tope na kila mmoja anachomeka mbegu yake ndefu ya mkoko. Picha zinapigwa, basi linaondoka. Kati ya miti yote inayoitwa mikoko, huchaguliwa mkoko wenyewe kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota na rahisi kuchomeka. Lakini pale mbele panapopigwa na mawimbi ni pa mti mwingine wa jamii hiyo, mlilana. Mkoko hukaa nyuma ya mlilana, mkandaa nyuma zaidi, na mchu utaukuta hata kule karibu na nchi kavu kwenye chumvi kali. Ukichomeka mkoko kwenye tope tupu la mbele ambako haukuwahi kuota, bamvua mbili tatu zinatosha kuung'oa. Wengine wanapanda juu ya nyasi bahari kabisa. Hapo mmekosa msitu na mmeharibu malisho ya kasa na tasi.

Sehemu iliyokatwa, kama jirani bado ipo miti mizazi, mara nyingi mbegu huletwa na maji bila msaada wa mtu. Ukiona haioti, tafuta kinachozuia: tuta la barabara limeziba mkondo, mashamba ya chumvi yameachwa yakiwa yamefungwa, au watu bado wanakata kuni za kuchomea chokaa. Ondoeni hicho kwanza. Na kwa Tanzania Bara mikoko ni msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa hiyo hamwendi tu na majembe yenu bila kibali.

Mkitaka mfano, tazameni Gazi, kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 unashughulika na hekta 117, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kulinda miti iliyopo. Kupanda kunakuja baadaye, mahali palipopimwa. Kwa ulinzi huo wanauza, kama hati, hewa ukaa ambayo miti imeihifadhi, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na wananchi wa Gazi na Makongeni ndio wanaokaa kuamua fedha ziende wapi. Zimekwenda kwenye maji na shule. Mtoto anayekunywa maji ya bomba hilo anajua kwa nini mzee akionekana na shoka huko nyuma anaulizwa. Vanga na majirani zake wakafuata njia hiyo mwaka 2019. Tatizo la kukata halikwisha, kwa sababu watu wanahitaji kuni na majengo, lakini pale kuna mtu wa kuulizwa.

Kama klabu yenu ina nguvu ya siku moja tu, itumieni kwenda kuhesabu mikoko iliyopandwa na sherehe za miaka iliyopita, muandike mingapi iko hai. Nileteeni matokeo. Hata yakiwaudhi waliotoa fulana, nitayaandika.

Nimesajili asasi ya bahari. Nipe orodha ya wafadhili.

Sina orodha. Niandikie tena ukiwa na jina la mwamba, jina la kijiji na kauli ya wavuvi wake.

Kijijini kwetu, Kusini Unguja, wanataka kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu. Mimi ni mama wa watoto wanne na mwamba huo ndio jiko langu. Nitakula nini?

Dada yangu, swali lako ndilo bora kuliko yote ya safari hii, na ndilo ambalo kwenye vikao vya miradi huwa haliulizwi.

Kufunga kwenyewe kunafaa. Pweza ana maisha mafupi, mwaka mmoja na kitu, na hukua haraka mno. Yule wa robo kilo unayemtoa leo, ukimwacha miezi miwili mitatu anakuwa mara kadhaa ya uzito huo. Jike anataga mara moja tu maishani, anakaa shimoni kuyalinda mayai bila kula, yakianguliwa anakufa. Ukimtoa kabla hajataga, umechukua na watoto wake wote. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza kufunga miamba yao kwa vipindi mwaka 2004 na habari ikasambaa bahari nzima hii. Pemba, Kisiwa Panza nao wamefanya. Siku ya kufungua pweza wanatoka wakubwa. Hilo halina ubishi.

Ubishi uko kwenye mgawo. Mwanamume ana chombo. Mwamba ukifungwa anatweka tanga anakwenda mwingine. Wewe unakwenda kwa miguu, maji yakitoka, na chuma chako mkononi, unatafuta lile shimo lenye magamba ya kaa na vipande vya kombe mlangoni, unalijua kama mlango wa jirani. Huna mwamba mwingine wa kufikia kwa miguu. Kwa hiyo anayelipa gharama ya miezi mitatu ni wewe. Kisha siku ya kufungua wanakuja wazamiaji na miwani zao kutoka vijiji vingine, na hadi maji yanaanza kujaa wamekwisha kuchukua wakubwa wote. Jioni wote mnauza kwa pamoja, mnunuzi ni mmoja, anashusha bei anavyotaka.

Kwa hiyo usikubali wala usikatae bila masharti. Nenda kwenye Kamati ya Wavuvi ya shehia, na usiende peke yako, nenda na wenzako wa mwamba. Semeni hivi: ifungwe sehemu tu, na upande wa karibu unaofikika kwa miguu ubaki wazi. Siku ya kufungua, wa miguu watangulie, wenye miwani waingie bamvua linalofuata. Bei ikubaliwe na mnunuzi kabla ya kufungua, kwa maandishi, mbele ya sheha. Na kipindi kipangwe kisiangukie miezi ambayo hamna mwani wala kitu kingine cha kuuza. Wakiwaambia hayo ni mambo madogo, mjue mwamba unafungwa kwa faida ya mtu mwingine.

Na wanunuzi mnaosoma hapa: kanuni za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya nusu kilo. Mizani mnazo. Anayenunua wadogo ndiye anayewatuma watu kuwatoa.

Wazee wetu walikula kasa miaka yote na hawakufa. Hizi habari za sumu si vitisho tu vya watu wa hifadhi?

Machi 2024, Kisiwa Panza hukohuko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine walilazwa. Novemba 2021 Pemba ilikuwa imekwisha kuzika watu 7 kwa sababu hiyo hiyo. Nani kati yao alikuwa anatishwa?

Ni kweli wengi wamekula wakasalimika, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kasa mwenye sumu humtambui kwa macho, kwa harufu wala kwa ladha. Kuchemsha hakuiondoi sumu. Kukaanga hakuiondoi. Dawa ya kuipindua haipo. Inapita hata kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Wanaotangulia kufa ni watoto. Kama mtu ameshakula, akimbizwe hospitali hata kama bado anajiona mzima, na waliokula naye wote waende. Sheria inayomlinda kasa ipo, lakini leo sitaki hata kuitaja. Msiwape watoto.

Tengefu letu hapa Kilifi, eneo tulilolifunga lisivuliwe, tumeliwekea maboya na askari wa BMU, lakini wavuvi wa dago, wageni wanaopiga kambi kwa msimu, wanaingia usiku. Tuwafanyeje?

Siku mlipoandika sheria ndogo zenu, wa dago mliwaita? Nauliza kwa sababu dago ni desturi iliyotangulia BMU zote. Watu wa Pemba wamekuwa wakipanda na kushuka pwani hii kwa msimu tangu enzi za babu zetu, na desturi hiyo ilikuwa na adabu yake: mgeni anafika, anajitambulisha kwa wenyeji, anaonyeshwa pa kulala na pa kuvua. Adabu hiyo ifufueni. Mwekeni mwenyeji mmoja wa kuwapokea, waonyesheni mipaka mchana wakiwa juu ya chombo, daini barua ya kamati ya kwao. Aliyeonyeshwa akarudi usiku, huyo mpelekeni kwa ofisa wa uvuvi.

Nanyi jikagueni. Malalamiko ya namna hii mara nyingi huja na jambo ambalo halikuandikwa kwenye barua: mwenyeji anayempokea mgeni ufukweni alfajiri na kumnunulia samaki wake. Kuruwitu, hapo hapo kwenu, walianza kutenga eneo lao katikati ya miaka ya 2000, hekta zipatazo 30 tu, na liliheshimika kwa sababu wenyeji walianza kujizuia wao wenyewe. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta, ile ya Umoja wa Mataifa kwa miradi ya wananchi, pamoja na hao wa Mikoko Pamoja niliowataja.

Ninaishi Nairobi na napenda samaki wa bahari. Nile yupi bila kuharibu?

Dagaa na kibua. Wanakua haraka, wanazaana haraka na bei yake mtu anaimudu.

Punguza pono, huyo ndiye anayekula majani yanayoyafunika matumbawe. Mwache kikande, ndiye anayewala wale wadudu wa miiba mirefu wanaotafuna mwamba wakizidi. Chewa mkubwa anayewekwa mbele dukani kwa fahari, karibu kila mara ni dume. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakikua, kwa hiyo ukiwamaliza wakubwa umewaacha majike peke yao. Kambakoche mwenye mayai tumboni usimguse, na mwenye hoteli anayekuletea huyo mezani mwambie usoni kwamba ni kosa. Changu aliye sawa na kiganja cha mtoto hajapata kuzaa hata mara moja.

Muulize muuzaji samaki alivuliwa kwa zana gani: mshipi, mtego wa dema, wavu wa jarife au juya. Wengi hawatajua. Endelea kuuliza kila unapokwenda, ataanza kuuliza na yeye kule anakonunua.

Joto la bahari ni kazi ya Mungu. Kwa nini mnatuletea siasa za Wazungu za tabianchi?

Kazi ya Mungu ni bahari. Moshi ni kazi yetu wanadamu, na nakubaliana nawe kwamba mwingi umetoka nchi tajiri. Hilo ni sababu ya kudai haki. Haliwezi kuwa sababu ya kufumba macho.

Maji yalipopata joto mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka, yaani yalipoteza rangi yakawa meupe, na mengi yakafa. Yakapauka tena 2016. Mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza upaukaji wa dunia nzima, nasi tukiwemo. Kama huziamini tarehe hizi, nenda Paje au Jambiani ukawaulize wanawake wa mwani. Cottonii, mwani wenye bei nzuri, unawafia kwenye maji ya kina kifupi yanayochemka kwa jua. Wengi wamebaki na spinosum, mwani wa aina nyingine ambao bei yake haitoshi hata kulipia mgongo unaouma. Wengine wamesogea kina kirefu wanakohitaji chombo, na wengi wao hawajui kuogelea. Mradi wowote wa mwani wa kina kirefu usioanza na kuwafundisha akina mama kuogelea, mimi siuungi mkono.

Na kuhusu dini, Pemba kipo kisiwa cha Misali. Masheikh walikaa na wavuvi wa huko wakazungumza nao kwa Kurani kuhusu amana ya viumbe na ubaya wa israfu, na wapo wavuvi waliosikia hapo kile walichokipuuza kwa maofisa. Hakuna Mzungu aliyehitajika kuwaambia wauheshimu mwamba.

Shule yetu Tanga inasafisha ufukwe kila mwezi, lakini taka zinarudi. Tuache?

Msiache, ila mzitenganishe na kuziandika: kandambili ngapi, vizibo vingapi, nyavu kiasi gani. Baada ya muhula mmoja pelekeni daftari hilo kwa diwani pamoja na picha ya mtaro wa sokoni unaomwaga baharini, maana taka nyingi zinatokea huko.

Nikisikia mlipuko baharini, au nikihisi samaki niliyeuziwa ni wa baruti, nifanye nini?

Uvuvi wa baruti Tanzania ulipungua sana kuanzia 2016 na 2017 vyombo vya dola vilipoanza kushirikiana, lakini kupungua si kwisha, na mwamba uliovunjwa kwa sekunde moja hauoti tena katika umri wako.

Samaki wa baruti mpasue umtazame. Uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, ndani damu imevilia, matumbo yamepasuka, na nyama inalegea mapema ingawa ametoka majini asubuhi hiyo hiyo. Ukimkuta wa namna hiyo mrudishe, useme kwa sauti kwa nini unamrudisha, wateja wengine wasikie.

Ukisikia mlipuko, usitweke tanga kwenda kuwakabili waliolipua. Wana vilipuzi na hawaoni hasara kuvitumia. Andika saa, upande sauti ilikotokea, na rangi na mwelekeo wa chombo kama umekiona. Peleka kwa BMU, kwa ofisa uvuvi na kwa polisi, wote watatu siku hiyo hiyo, ili pasiwe na mmoja anayeweza kusema hakuambiwa.