Usyk au Crawford?
Kaka, hoja yako kwamba bondia Usyk ndiye bora kwa sababu mwenzake Crawford hawezi kumpiga inaua maana ya orodha yenyewe ya pound-for-pound, yaani mabondia bora bila kujali uzito. Uzito tunaufuta, tunapima ufundi na nani kapigwa. Crawford alikusanya mikanda yote kwenye madaraja ya uzito ya kilo 63.5, 66.7, kisha 76.2 alipomshinda Canelo mwaka 2025. Hiyo si mchezo! Ila namba moja nampa Usyk: alitoka daraja la kilo 90.7 akapanda uzito wa juu, akamshinda Fury mara mbili mwaka 2024 akizidiwa zaidi ya kilo 15. Pambano la kwanza, raundi ya 9, Fury aliyumba kwenye kamba mpaka refa akamhesabia. Vijiwe vingi vya Moshi vinahesabu KO (kumwangusha mpinzani asiinuke) tu, bila kuangalia zilipatikana dhidi ya nani.