Weka sindano chini kwanza: mabaki ya uzi yalivyoniumbua wodi ya njiti

Dada, weka hizo sindano chini. Sasa hivi, hata kama uko katikati ya mstari.

Nimesoma bandiko lako mara mbili, tumbo likanikata. Una gunia la mabaki ya uzi, mengine umefumua kwenye masweta ya mitumba, mengine umepewa na fundi wa sweta za shule. Unataka kufuma vipande vipande, uviunge viwe mablanketi, na kofia za watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, juu yake, upeleke hospitali Novemba 17, siku ya njiti duniani. Umeuliza utumie sindano namba ngapi, rangi uzipange vipi, kofia iwe na ukubwa gani, fremu ya misumari inatandwaje, na kama kuna mtu ananunua vile vipande vifupi kabisa. Watu saba hapo juu wamekujibu "hongera mama, changanya tu, itapendeza." Itapendeza! Na mimi niliambiwa hivyohivyo, kwa sauti tamu kabisa.

Niko Njombe. Huku sweta si urembo. Mwezi wa saba ukitoka nje asubuhi unafuka moshi mdomoni kama pikipiki inayokula oili. Nafuma sweta za shule kwa mashine miaka mingi, na kila msimu mabaki yanabaki: kijani, maruni, bluu ya giza. Mtu atasema fundi mzima ulishindwaje kujua uzi? Ngoja nijitetee mapema. Uzi niliokuwa naununua wote ulikuwa wa aina moja, akriliki, ile ya viwandani isiyojua kondoo wala shamba. Kuku wa banda moja humwulizi kabila lake.

Mwaka 2019 nikajiunga na kundi la WhatsApp la kufuma kwa ajili ya kusaidia wahitaji. Kulikuwa na "mwalimu", simtaji jina, na kozi yake ya shilingi 15,000. Somo la kwanza sauti ya dakika sita, na ndani yake maneno ambayo nikifa yaandikwe kwenye msalaba wangu: "Wapendwa, uzi ni uzi. Usibague. Unapotoa kwa moyo, kila uzi una nafasi yake." Sisi tukajibu amina. Wanawake sitini na kitu, amina, amina, na vile viganja vya kuomba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani atafua hayo mablanketi.

Basi nikaongezea mabaki yangu. Nikaenda mnadani nikachukua masweta ya mitumba, yale mazito ya kizungu yenye lebo iliyofutika, nikayafumua usiku nikisikiliza redio. Jirani akanipa nyuzi za pamba nyekundu alizokuwa anafumia vitambaa vya makochi. Nikafuma vipande vya sentimita 15 kwa 15. Blanketi moja vipande 48, nane kwa sita, la kumfunika mama akiwa amemweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Nikafuma mablanketi 11. Hivyo ni vipande 528. Kipande kimoja dakika 40 ukiwa na mkono mwepesi. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipiga nikakuta saa 352 na nikaacha kupiga hesabu mambo mengine ya maisha yangu. Flaneli ya kuweka nyuma mita 14, fedha taslimu, maana flaneli haina mabaki. Mume wangu alikula ugali wa kujipikia kuanzia Februari mpaka Juni na mpaka leo ananikumbusha.

Tukapeleka. Picha, chai, maandazi, sista inchaji wa wodi akatushukuru sana. Nikarudi nyumbani najiona nimeshaingia peponi mguu mmoja.

Wiki tatu baadaye simu. "Mama, unaweza kupita kufulia?" Kufulia, siyo wodini. Nikadhani wanataka niwafundishe kufuma.

Nyuma ya jengo kulikuwa na kamba ndefu, shuka zimeanikwa, na katikati yao blanketi langu. Nililitambua kwa kijani chake tu. Vipande vya akriliki vilikuwa vilevile, vimetulia, vimevimba kidogo. Lakini vile vya uzi wa mitumba, wa maruni na wa kahawia, vilikuwa vimerudi saizi ya biskuti. Vigumu. Nilikishika kimoja, ukikigonga kwa kucha kinalia kama soli ya kandambili. Kwa kuwa vimeshonwa na wenzao ambao hawakurudi, vimewavuta, blanketi zima limejikunja pembe zote nne kama chapati iliyosahaulika juani. Mahali pengine uzi ulikuwa umekatika, matundu, na kilichobaki ni rangi ya njano kama jino. Flaneli nyuma inaning'inia peke yake, haina mwenyeji. Na ile pamba nyekundu ya jirani ilichuja. Shuka sita nyeupe za serikali zikawa pinki.

Sista hakunigombeza, ndiyo ilivyoniuma. Alichukua kidole chake kidogo akakiingiza kwenye tundu akakizungusha, uzi ukakikaba. "Unaona hapa? Kidole changu nimekitoa mwenyewe. Mtoto wa gramu 1,200 hawezi." Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kila nguo inayotoka wodini inaloweshwa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5, halafu maji ya moto, halafu kusuguliwa. Hawawezi kutenga blanketi moja lioshwe kwa maji ya baridi na shampuu kwa sababu fulani kalifuma kwa upendo. Wana akina mama wawili kufulia na milima ya shuka.

Sasa nisikilize vizuri hapa, ndiyo sehemu iliyonigharimu. Yale masweta ya kizungu yalikuwa ya sufu, na sufu ni nywele. Siyo "kama" nywele, ni nywele za kondoo, na unywele una magamba madogo. Maji ya moto na sabuni yanayafungua yale magamba, ukisugua yananasana, na yakishanasana hayaachiani tena. Ndiyo maana kipande kinarudi na kuwa kigumu. Hilo la kwanza. La pili ni klorini. Klorini inakula nywele. Niliporudi nyumbani sikuamini, nikachukua kipande cha ule uzi wa maruni wa mitumba kama urefu wa kiganja nikakitumbukiza kwenye kikombe cha jiki isiyochanganywa na maji, nikakifunika na sahani, nikalala. Asubuhi nikafunua. Hakuna uzi! Maji yamekuwa ya njano, na chini kuna vinyuzinyuzi vitatu vinne vya nailoni vilivyokuwa vimechanganywa kiwandani. Uzi umeyeyuka kama sukari kwenye chai. Cha kijani, cha akriliki, nilichokiweka kwenye kikombe cha pili kilikuwa kinaniangalia tu. (Vikombe hivyo nilivitupa, msije mkasema kwangu hapanyweki chai.)

Kwa hiyo "uzi ni uzi" ni uongo wa shilingi 15,000. Nilipiga picha ile chapati ya blanketi nikaituma kundini, nikaandika kwa adabu kabisa, "Mwalimu, tufanyeje kwa hali hii?" Kabla hata ya alama mbili kugeuka bluu nilikuwa nimeshatolewa. Nasikia sasa hivi ana kozi ya kutengeneza sabuni. Mungu awasaidie wanaonawa.

Basi kanuni yangu ni moja, na sina nyingine: usifume hata mstari mmoja kabla hujamwuliza anayepokea ATAFUA VIPI. Siyo atapenda rangi gani. Siyo ana watoto wangapi. Maji ya moto au baridi, jiki ipo au haipo, anafua mwenyewe kwa mkono au anapeleka kwenye pipa la pamoja. Piga simu, mtafute sista inchaji, siyo mtu wa mapokezi, siyo yule binamu yako anayefanya kazi pale ofisini. Mwulize, andika, ndiyo urudi kwenye gunia lako.

Ukirudi kwenye gunia, choma. Kata uzi urefu wa kidole, ushike kwa kibano cha nyusi juu ya sahani, uwashe kwa kiberiti. Sufu inaungua kwa kusuasua, inajikunja, na harufu utaijua bila kufundishwa: ni ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa kwa ajili ya supu. Jivu lake ukiliminya linavunjika. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, jivu jepesi la kijivu. Akriliki inayeyuka na kudondoka matone, inaacha kigololi cheusi kigumu ambacho hakiminyiki, na likikudondokea mkononi utajua kwa nini nimekwambia utumie sahani. Uzi wa mchanganyiko utakuchanganya na wewe: unanuka mbuzi halafu unaacha kigololi. Huo uhesabu ni sufu, usijifanye hujaona.

Halafu marundo matatu, na usiyakutanishe kwenye kitu kimoja hata kama rangi zinapendana kama bwana na bibi harusi. Akriliki isiyochanganywa na kitu ndiyo ya hospitali. Pamba nayo ni sawa, ila iloweshe kwanza kwenye maji ya moto mpaka uone haichuji, na ile nyekundu mimi siipeleki popote tena, nina woga nayo kama mtu aliyeumwa na nyoka.

Sufu usiitupe. Hiyo wapelekee wazee. Na hapa kuna jambo sikulijua mpaka nilipoanza kuchoma vipande: bibi wa Makete anayelala na jiko la mkaa pembeni usimpe blanketi la akriliki, maana cheche ikiruka akriliki inayeyuka na kugandia ngozini. Sufu inafuka tu na kujizima. Yeye anafua mwenyewe kwa maji ya kisimani, hana jiki, anaanika kwenye ua. Uzi uleule ulionitia aibu wodini, kwake ndiyo mahali pake. Unaona sasa kwa nini nakazania swali la kufua?

Kuhusu ukubwa wa kofia: mtoto aliyetimia miezi kichwa chake huwa kama sentimita 34 au 35 kuzunguka. Njiti wa kilo moja na nusu ni kama 28. Yaani chungwa kubwa. Wengi wanafuma kofia inayomfika njiti mabegani. Isiwe na kishada juu, isiwe na kifungo, isiwe na matundu ya urembo (mkumbuke sista na kidole chake), na kwa ndani uzi usirukeruke ukiacha vitanzi ukibadilisha rangi. Ina maana kofia za rangi rangi zenye maua uziweke pembeni. Joto ndiyo kazi yake; mtoto akishuka chini ya nyuzi joto 36.5 tayari wanahangaika naye. Na nyuzi za manyoya manyoya hapana kabisa, zinapukutika, mtoto anazivuta puani.

Fremu ya misumari: mtande, zile nyuzi unazotanda kwanza kwenye misumari, uwe uzi mgumu usiovutika; mshindio, ule unaopitisha katikati yake, ndiyo umalizie vile vifupi. Nilikuwa nieleze jinsi ya kubana kingo zisijikunje, lakini ukweli kipande cha fremu kikishatoka sawa na bado hujui kitafuliwa vipi, kingo za nini?

Sindano namba ngapi, uliuliza. Inategemea uzi, na uzi unategemea nani atafua, kwa hiyo tunarudi palepale. Rangi mimi sikumbuki ulisema unazo zipi na hapa nilipo siwezi kupanda juu kusoma tena, nina mteja mlangoni anataka sweta 30 za darasa la kwanza na anadhani naandika risiti yake.

Mablanketi 10 nilivunja. Nilifumua vipande vya kijani kimoja kimoja, nikapata akriliki ya kutosha kofia 40, nikazipeleka mwaka uliofuata baada ya kuloweka moja kwenye ndoo ya klorini mbele ya sista mwenyewe, dakika 10 kamili kwa kutazama saa. Alikagua kwa kidole chake kilekile. Blanketi la 11, ile chapati, halikuvunjika, limeshikana mno. Liko bandani chini ya kuku wangu mwenye kishungi. Juzi ametotoa vifaranga tisa humo na hajalalamika.

Haya, piga simu hospitali kesho asubuhi, saa mbili sista anakuwa ameshapokea zamu. Njoo uandike hapa amesema wanafua vipi.