Ile sifuri kwenye "matumizi mengine"

Wadogo zangu maofisa mikopo, fomu za tathmini ya waombaji zimeanza tena kupanda mezani na kile kisanduku cha "matumizi mengine" kina sifuri. Mama ana miaka 45, ana watoto wanne, anauza nafaka Tandale, ni mweka hazina wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopeshana), halafu matumizi mengine sifuri? Huyo ni malaika, mkopo wa nini tena.

Wenye digrii mbichi wamebandika na jedwali la Hofstede, yule mtafiti anayezipa nchi alama za utamaduni, kueleza "utamaduni wa mteja". Jedwali lile liliiweka Tanzania kwenye kapu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia. Litoe kwenye faili, tuanze upya.

1. Ulizia michango kabla ya mauzo.

Kosa la kutoiuliza ni letu sisi wakongwe, tulirithishana miaka na miaka, kwa hiyo acha tuliseme lote. Chukua hesabu ya mfano. Mauzo 200,000 kwa siku, siku 26, ni 5,200,000. Faida ghafi ya nafaka tuseme asilimia 10, yaani 520,000. Toa pango, ushuru wa soko na kijana wa kubeba: 140,000. Toa chakula, nauli na umeme wa nyumbani: 200,000. Inabaki 180,000. Mkopo 1,000,000, miezi 12, rejesho la mwezi 110,000. Rejesho halijavuka theluthi mbili ya kinachobaki, meneja anasaini, mnakwenda kula.

Sasa ingia Septemba. Kamati mbili za harusi: kaahidi 100,000 kwa mtoto wa shoga yake na 50,000 kwa jirani. Kikoba: hisa 5,000 na mfuko wa jamii 1,000 kila wiki, wiki nne ni 24,000. Msiba wa mtaani 10,000. Jumla 184,000. Ile 180,000 imekwisha na imepungua 4,000, rejesho bado halijaguswa. Kulipa atalipa, usihofu. Atatoa kwenye mtaji. Hiyo 114,000 ni karibu nusu gunia la mchele ambalo halitarudi kwenye meza yake. Mwezi unaofuata mzigo ni mdogo, mauzo madogo, rejesho lile lile. Ndiyo maana mteja anayeanguka mwezi wa saba wa mkopo huwa "mteja mzuri sana" miezi sita ya mwanzo: alikuwa anatulipa magunia yake, sisi tukawa tunampigia makofi.

Tulipokuja kugundua, tukafanya baya zaidi. Tukaiita michango anasa. Kwenye semina za elimu ya fedha tukawahubiria akina mama waache kuchangia harusi, na waliotusikiliza ndio tuliowaumiza. Anayetoa 100,000 leo anajua jina lake limeandikwa, na siku akifiwa wale wale watakuja na bahasha, sufuria na mikono ya kupika. Hiyo ndiyo bima yake, na hana nyingine. Aliyeacha kuchangia akaja akafiwa, gari la kusafirisha maiti lilikuwa juu yake, jeneza juu yake, chakula cha waombolezaji juu yake. Mtaji uliisha kabla ya siku tatu za matanga. Tulikuwa tumemvua bima tukamwachia deni, na kwenye taarifa ya mwezi tukaandika: "mteja hana nidhamu ya marejesho."

Tatizo lilianzia kwenye swali. Ukimuuliza mtu "una matumizi gani mengine?" atakutajia chakula na ada. Mchango kwake hauitwi matumizi, unaitwa kutoa. Muulize: "Mama, mwaka huu umeahidi wapi na wapi?" Hapo atacheka, atavuta droo yenye chenji, na zitatoka kadi za michango tatu au nne. Soma kiasi na tarehe ya mwisho ya kila kadi, uandike mwezi kwa mwezi. Usifanye wastani wa mwaka, maana michango huja kwa mafungu: kabla ya Ramadhani na kabla ya Kwaresima harusi hubanana, Desemba ndiyo usiseme, halafu Januari ada inadondoka juu yake. Kisha pima rejesho kwa mwezi mbaya kuliko yote. Mama wa mfano wetu hakustahili 1,000,000.

Mwombe pia akuonyeshe orodha kwenye kundi la WhatsApp la kamati: majina, ahadi, na alama ya tiki kwa aliyemaliza. Ukiiona utaelewa kwa nini mchango hulipwa kabla ya rejesho. Asiye na tiki anasomwa na watu 200. Wewe unamdai peke yako, kwa simu, tena kwa sauti ya upole.

2. Kikundi cha watu watano ni kizuri mpaka wawe ndugu.

Muundo wa kudhaminiana tuliuchukua kwa Grameen, benki ya mikopo midogo ya Bangladesh, na nguvu yake ni aibu. Aibu kwetu ipo tele, lakini mtu hamwaibishi mke wa kaka yake kwa ajili ya ofisi yenu. Na kuna hesabu nyingine mnaisahau: ukiweka ndugu watatu kikundi kimoja, msiba mmoja unafunga biashara tatu wiki moja, na wawili waliobaki hawawezi kubeba marejesho ya watano. Mwisho ndugu wawili, basi. Na usiende kudai msibani. Kuna vijana wamekwenda.

3. Kitabu cha hisa.

Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikoba vimo daraja la nne, la vikundi vya kijamii, lakini usitegemee ripoti ya taarifa za mikopo ikuonyeshe deni la huko. Vikoba vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa: mwenye hisa za 600,000 anaweza kuwa na deni la 1,800,000 ambalo hulioni popote. Omba kitabu, hesabu mihuri ya hisa alizonunua, fungua ukurasa wa mikopo.

4. Nyumba.

Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zote zinataka ridhaa ya mwenzi nyumba ya ndoa ikiwekwa rehani. Kiwanja cha ukoo kiache kabisa.

5. "Nitajitahidi" maana yake hapana.

Mteja wetu hatakuvunjia heshima kwa kukukatalia usoni. Uliza kiasi gani, siku gani, kinatoka wapi. Akikosa la tatu, hayo mawili ya kwanza alikuwa anakufurahisha tu.

6. Mteja akikataa riba kwa ajili ya dini, usibishane naye hukumu za fikihi.

Mwelekeze kwenye huduma zisizo na riba, zipo. Amana Bank ilianza 2011.

7. Kadi itakufikia na wewe.

Mtembeleaji wa kila wiki huhesabiwa jirani. Mwambie meneja kwanza, kisha chukua kadi ya "single", ya mtu mmoja, changia kwa jina lako na si la ofisi, na umalize kabla ya tarehe. Orodha ile mteja wako naye anaisoma.