Ramani imeshachorwa, ndipo tunaitwa kikaoni?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpangaji kwenye kota za zamani hapa Lindi mjini. Nina chumba na sebule, naishi na mama yangu mzazi na watoto watatu, na uani ndipo ninapokaangia samaki wa kuuza jioni. Tumeambiwa kota zitabomolewa yajengwe maghorofa ya nyumba za bei nafuu, na kwamba sisi tuliopo tutapewa kipaumbele. Kikao tumeitwa kimoja tu. Tulionyeshwa ramani ya rangi iliyobandikwa ukutani, ikapitishwa karatasi tukasaini, tukanywa soda tukaondoka. Jiko kwenye ile ramani ni mita 2 kwa moja na nusu. Majirani wengine wanasema tuukatae mradi mzima. Wengine wanaogopa kwamba tukishupaa tutakosa vyote. Tushike lipi?
Mkaanga samaki, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii huku kusini mpaka nikastaafu, na vikao vya namna hiyo nimevikalia sana, tena upande wa meza kuu. Nyumba msizikatae. Mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari na choo kimoja kinachotumiwa na milango sita si urithi wa kuwaachia watoto. Ila kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta, hakikisheni majina yenu yameandikwa.

Anzeni na orodha, tena wiki hii. Mlango kwa mlango: nani analala humo, tangu mwaka gani, kodi anamlipa nani, uani anafanya kazi gani. Mwandikeni na yule aliyepangishwa chumba na mpangaji mwenzake, maana huyo ndiye husahaulika kwanza. Mpelekeeni mtendaji wa mtaa agonge muhuri, na nakala mbaki nayo ninyi.

Nasisitiza hili kwa sababu ya Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wakazi wa kota zile waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kota zikabomolewa, kiwanja kikabaki kitupu miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba watajengewa na watarudi, na mwaka 2022 Rais Samia ndiye aliyezindua yale maghorofa. Waliweza kudai miaka yote hiyo kwa kuwa walijulikana: kaya 644, hakuna aliyebabaisha idadi. Lakini piga hesabu, mwanangu. Mtoto aliyeondoka Magomeni akiwa darasa la kwanza alirudi kijana mzima. Mama yako atakuwa na umri gani?

Kwa hiyo neno "kipaumbele" msiliache lielee hewani. Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za fidia humtazama zaidi mwenye ardhi na mwenye jengo, na ninyi jengo si lenu. Nguvu yenu iko kwenye makubaliano ya maandishi yanayosainiwa kabla ya kubomoa: nani anarudi, kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi na itapandaje, mtakaa wapi wakati wa ujenzi, pango la huko analipa nani, na mradi ukichelewa nini kifuate. Ulizeni pia gharama za ghorofa ambazo kota haina, kama pampu ya kupandisha maji, taa za ngazi na mlinzi. Mkiambiwa mtauziwa, ulizeni kuhusu hati ya sehemu ya jengo chini ya sheria ya 2008, maana hapo wamiliki wanakuwa na chama chao na kila mmoja anachangia matunzo.

Ile karatasi mliyosaini inanisumbua. Andikeni barua fupi mseme mlisaini mahudhurio, hamkusaini ridhaa, na mwombe muhtasari wa kikao. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo hamuombi hisani ya mtu.

Sasa ramani. Karatasi ya ukutani haimwambii mtu kitu. Chukueni majivu au chokaa, mchore ile nyumba pale uani kwa vipimo vyake halisi, muingie ndani yake. Tieni kitanda, tieni mbuzi ya kukunia nazi, mkae watu watano. Wewe weka karai lako la mafuta kwenye hizo mita 2, uone utageukia wapi na moshi utatokea wapi. Halafu mwiteni mchoraji aje asimame humo pamoja nanyi. Muulizeni jeneza litakataje kona ya ngazi likitokea ghorofa ya tatu, na siku ya msiba mikeka itatandikwa wapi. Watu wa ofisini hawafikirii hayo, na si kwa ubaya, ni kwa kuwa wao hawaishi hapo. Kinamama mnaopika uani dai lenu liwe moja: banda la pamoja la kupikia chini, lenye maji na bomba la moshi, liingie kwenye mchoro sasa. Jengo likishasimama hakuna atakayelijenga.

Kinamama kaeni kwanza peke yenu, mchague wawili wa kusema. Nimeona mara nyingi wapishi wakikaa nyuma kabisa, na habari za jiko zikisemwa na mabwana.

La mwisho ni tarehe. Msikubali kikao cha maamuzi msimu wa korosho, nusu ya watu wakiwa mashambani. Barua ya kuomba kikao cha pili, pamoja na ile orodha, ipelekeni kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na mwenyekiti wa mtaa, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.