Mwalimu anayetaka kustaafu akiwa na miaka 50: akiba, riba ya SACCO na zaka

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mumias, umri wangu miaka 36. Natamani kustaafu nikifika 50 nipate wasaa wa ibada na wa kuwatunza wazazi. Nimeweka shilingi 620,000 katika SACCO, na mwaka huu nimeongezewa 55,000 juu yake. Baadhi ya ndugu msikitini wanasema kupangia miaka 14 ijayo ni kukosa tawakali. Wengine wananihimiza nichukue mkopo wa mara tatu ya akiba nijenge nyumba za kupangisha. Nishike lipi, na zaka yangu ni kiasi gani?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwalimu, akiba haipingani na tawakali. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaelekeza Wamisri walime miaka saba na waache mavuno katika mashuke yake, ila kidogo cha kula, kwa ajili ya miaka saba ya ukame (Sura ya 12, aya ya 47 na 48). Mtume (S.A.W.) naye aliuza tende za Bani Nadhir akawawekea ahali zake chakula cha mwaka mzima, hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Tawakali huharibika pale mja anapoamini kuwa pesa ndiyo itakayomlinda, na dalili ya mwanzo ni kuzuia zaka.

Penye uzito ni hizo 55,000. SACCO hukusanya akiba zenu, huwakopesha wanachama, aghalabu kwa asilimia 1 kwa mwezi ya deni lililobaki, kisha huwagawia sehemu ya riba hiyo. Kuiita mgao hakubadilishi hukumu yake. Zile 620,000 ulizoweka ni zako halali, kwani Suratul Baqara aya ya 279 inampa anayetubu rasilimali yake. Hizo 55,000 zitoe zote kwa maskini kwa nia ya kujitakasa, wala usizihesabu kuwa zaka. Mkopo nao uuache. Mara tatu ya akiba yako ni 1,860,000, na riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 18,600. Hutapata baraka ya uzee kwa kuujenga juu ya jambo hilo.

Kabla hujaandika barua ya kujitoa katika SACCO, tazama umewadhamini nani. Hapa ndipo walimu wengi hukwama: akiba haitolewi mpaka kila uliyemdhamini alipe deni lake au apate mdhamini mwingine. Anza na hilo leo, kwa sababu kumpata mdhamini wa badala huchukua muda mrefu kuliko notisi yenyewe. Pesa zikitoka, ziweke katika akaunti ya benki inayofuata sharia ya Kiislamu.

Zaka sasa. Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, kwa dhahabu ni gramu 85, na kwa madini ya fedha gramu 595. Kwa bei za miaka hii, 620,000 haifiki nisabu ya dhahabu lakini inaipita ya fedha mbali sana. Mimi naichukua ya fedha, maana ndiyo yenye manufaa kwa maskini. Ukihesabu kwa mwaka wa Hijria utatoa moja ya arubaini, yaani 15,500. Ukihesabu Januari hadi Januari, mwaka huo ni mrefu kwa siku kama 11, kwa hiyo kiwango ni asilimia 2.577: shilingi 15,977.

Makato ya pensheni ya watumishi wa umma, asilimia 7.5 kwako na 15 kwa serikali, ni ya lazima. Huna dhambi kwa usilolichagua. Zaka yake utoe utakapoipokea, ila usiongeze michango ya hiari humo bila kujua inawekezwa wapi.

Nyumba za kupangisha ni njia njema, ila jenga vyumba viwili viwili kwa pesa taslimu, na hesabu yako iwe ya kweli. Tuseme vyumba kumi kwa 4,500 kila kimoja. Usipige miezi 12, kwani wapangaji huhama. Piga miezi kumi, upate 450,000 kwa mwaka. Toa kodi ya mapato ya nyumba, asilimia 7.5, ambayo ni 33,750. Zinabaki 416,250 kabla hujagusa mabati yanayovuja na choo kilichojaa. Ikiwa nyumbani mnatumia 40,000 kwa mwezi, vyumba hivyo havitoshi. Majengo ya kupangisha hayana zaka. Zaka iko katika kodi ya wapangaji uliyoiweka ikatimiza mwaka. Lakini ploti uliyoinunua ili uiuze baadaye ina zaka kila mwaka kwa bei ya soko.

Na ploti yenyewe, usiinunue kwa mtu ambaye baba yake amefariki na mirathi haijapita mahakamani. Anakuuzia haki ya dada zake na mama yake, na hiyo ni dhuluma hata kama mzee wa mtaa ametia saini. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi Kakamega, na kama ni shamba, ombeni idhini ya bodi ya ardhi ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauzo ni batili kisheria.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.