Maswali Yenu: Programu ya Simu kwa Watu wa Sokoni

Swali: Habari za kazi. Nimetengeneza programu ya simu ya kuandikia mauzo, kwa ajili ya wachuuzi wa soko la samaki hapa Bagamoyo. Nikiijaribu ndani inakwenda vizuri. Sokoni watu wanagusa "Futa" wakitaka "Hifadhi", juani hawasomi kitu, na mauzo mengine yanaingia mara mbili. Nianzie wapi?
*Msomaji, Bagamoyo*

Jibu: Anza na vitufe, ndugu msomaji. Kwenye Android eneo la kugusa lisipungue dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo cha Android kinachobaki karibu sawa kwenye vioo vyote), yaani kama milimita 9 kwenye kioo. Alama yenyewe inaweza kubaki dp 24. Iongezee dp 12 za nafasi kila upande. Kati ya kitufe na kitufe acha dp 8.

Lakini Futa na Hifadhi zikikaa bega kwa bega, ukubwa peke yake hautasaidia. Hifadhi ikae chini, ijaze upana wa kioo, pale kidole gumba kinapofika bila taabu. Futa iondoe kabisa kwenye fomu, iwe ndani ya rekodi iliyokwisha kuhifadhiwa. Usitegemee swali la "Una uhakika?": mwenye wateja wanaomsubiri hujibu "Ndiyo" bila kusoma. Heri ifute papo hapo, kisha ionyeshe kitufe cha "Rudisha".

Halafu kuna maji. Kioo hutambua kidole kwa chaji ya umeme, na maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo tone laweza kusomwa kama kidole. Programu haiwezi kulizuia hilo. Unachoweza ni kuachana na kutelezesha kidole ili kufuta, na pia kuachana na kubonyeza kwa muda mrefu. Mguso mmoja, kitufe kikubwa, basi.

Juani, mara nyingi tatizo ni kijivu. Maandishi ya #999999 (namba ya rangi ya kijivu) juu ya nyeupe yana utofauti wa mwangaza wa 2.85:1, na WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, unataka angalau 4.5:1. Kwa kazi ya ufukweni tunashauri kijivu kilichokoza cha #595959, chenye 7:1, au nyeusi kabisa. Maandishi yaanzie sp 16 (sp ni kipimo cha maandishi), si dp, ili yafuate ukubwa ambao mtu ameuchagua kwenye simu yake.

Mauzo kuingia mara mbili husababishwa na mtandao mzito: mtu haoni jibu, anagusa tena. Kitufe kibadilike kuwa "Inahifadhi…" mara tu kinapoguswa na kisipokee mguso wa pili. Rekodi ihifadhiwe kwanza kwenye simu, ikiwa na namba yake ya pekee, ndipo itumwe. Seva ikiona namba hiyo tena, iikatae.

Swali: Menyu yangu ya chini ina alama saba, maneno hayaenei. Niache alama tupu?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

Jibu: Hapana. Punguza ziwe tano au chini yake, kila moja na neno lake. Zilizobaki ziende chini ya "Zaidi". Kisha weka maandishi ya simu kwenye ukubwa wa mwisho (Android 14 hufika asilimia 200) uangalie kama kuna neno lililokatika.